Kelele za Watoto Nyumbani: Mafundisho kwa Wakatekumeni



Ndugu wapenzi, hasa ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo mtakatifu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alisikia kila siku, tangu jogoo awike hata moto wa jikoni uzimike: kelele za watoto nyumbani. Sisemi juu ya kilio cha mgonjwa, wala juu ya ugomvi na matusi. Nasema juu ya sauti ya kucheka na kukimbizana, ya kuimba wimbo usio na mwanzo wala mwisho, ya kupiga sufuria tupu kama ngoma ya arusi. Labda mtaniuliza: Mwalimu, jambo hili lahusu nini dini yetu? Sikilizeni basi, maana Bwana wetu mwenyewe alilitolea neno.

1. Bwana wetu na watoto

Mtakatifu Marko, katika sura ya 10 ya Injili yake, asimulia kwamba siku moja watu walimletea Yezu watoto wao ili awaguse, nao wanafunzi wakawakemea. Injili haituambii sababu, lakini sisi wazazi twaweza kuikisia. Mitume walimheshimu Mwalimu wao, walitaka apate nafasi ya kufundisha na kupumzika. Na watoto, popote waendapo, hawaendi kimya. Yezu alipoona hayo aliudhika. Hakuudhishwa na watoto, bali na wanafunzi wake. Akaamuru waachwe wamjie, kwa sababu ufalme wa Mungu ni wa watu walio kama wao. Kisha akawakumbatia, akaweka mikono juu yao, akawabariki. Angalieni vema: hakuwaagiza kwanza wanyamaze, wala hakuwauliza kwanza kama wanazijua sala zao. Aliwapokea kama walivyokuja.

Wala si siku ile tu. Mtakatifu Matayo, katika sura ya 21, atuonyesha watoto ndani ya Hekalu la Yeruzalemu wakipaza sauti na kumshangilia Mwana wa Daudi. Makuhani wakuu na waandishi walichukizwa. Yezu akawakumbusha Zaburi inayofundisha kwamba hata katika vinywa vya watoto wanyonyao Mungu hupata sifa yake. Basi kelele zile, ambazo wakubwa waliziona kuwa fujo, Bwana aliziita sifa.

Tena Yezu aliwatazama watoto wakicheza sokoni, mara mchezo wa arusi, mara mchezo wa mazishi, akawafanya kuwa mfano wa kuwafundisha wakubwa. Akasimulia pia juu ya mtu aliyegongewa mlango usiku, ambaye hakutaka kuamka kwa sababu watoto wake walikuwa wamelala pamoja naye. Kwa hiyo Bwana wetu aliijua nyumba ya maskini, ambamo wote hulala pamoja, na mmoja akikohoa, wote huamka.

2. Jambo lililonipata mimi mwenyewe

Sasa niwaeleze jambo langu, wala si kwa kujisifu, maana halina sifa. Mimi ni mwalimu wa dini, nafundisha pia katika shule ya msingi ya misioni. Mungu amenijalia watoto wanne. Kwa miaka mingi nyumba yangu ilikuwa na desturi moja: nilipofika jioni, wote walinyamaza. Baisikeli yangu ina kengele iliyolegea, ambayo hulia yenyewe kila gurudumu linapokanyaga jiwe. Watoto walipoisikia kengele hiyo kutoka mbali, penye mwembe, waliacha mchezo. Mpira wao wa majani ya migomba ulitupwa nyuma ya jiko, nao wakaketi barazani, mikono magotini. Majirani walisema: «Tazameni nyumba ya mwalimu, watoto wana heshima!» Nami nilifurahi moyoni. Nilidhani kweli ni heshima.

Siku moja, wakati wa mvua, mnyororo wa baisikeli ulikatika. Nikaiacha kwa fundi, nikarudi kwa miguu kwa njia ya nyuma, katikati ya mashamba ya mihogo. Nilipokaribia nyumba nilisikia vicheko vikubwa, nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko nisikilize. Watoto wangu walikuwa wakicheza mchezo wa katekisimu pamoja na wenzao wa jirani. Binti yangu wa miaka sita ndiye aliyekuwa mwalimu. Alishika mwiko wa ugali, akakohoa kidogo kama mimi, akaweka mkono kiunoni kama mimi, akamwuliza mtoto mmoja swali la kwanza la katekisimu. Na kabla yule hajafungua kinywa, akampiga begani kwa mwiko.

Yule mtoto akalalamika: «Lakini sijajibu bado!»

Naye akamjibu: «Mwalimu hupiga kwanza, ili jibu lije upesi.»

Wote wakaanguka chini kwa kucheka. Nami pia, kusema kweli, nilitaka kucheka. Nikatoka nyuma ya ukuta nikitabasamu. Papo hapo vicheko vikakatika. Mwiko ukaanguka chini. Binti yangu akarudi nyuma hata mgongo wake ukagusa ukuta, akainua mkono mbele ya uso wake.

Ndugu zangu, nilikuwa sijasema neno, wala sikuwa na fimbo. Nilikuwa nikitabasamu. Lakini mkono ule mdogo ulikuwa umezoea kuinuka. Kwa miaka kumi nimewafundisha wengine kwamba Mungu ni Baba, na mtoto wangu mwenyewe ajikinga uso anapomwona baba yake.

3. Kimya cha vita

Usiku ule usingizi ulikawia kuja. Nilijiuliza: Kimya hiki ninachokipenda hivi, nilikipata wapi? Nikakumbuka. Vita vilipoanza mwaka 1998, mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane. Wengi wenu mwazikumbuka siku zile. Tulikimbilia porini. Watu wenye silaha walipopita njiani, mama aliweka kiganja chake juu ya kinywa cha mdogo wangu, nasi tuliokuwa wakubwa kidogo tulijifunza kukizuia hata kikohozi. Siku zile kimya cha watoto kilikuwa uzima wetu. Vita vikaondoka kijijini petu, tukajenga tena, tukalima tena. Lakini kile kimya sikukiacha porini. Nilikirudisha nyumbani, nikakipa jina la heshima.

Mpaka leo, katika nchi yetu, huko Kivu na Ituri, wako akina mama wanaoziba vinywa vya watoto wao katika giza. Sisi ambao Mungu ametujalia usiku wa amani, je, tutawanyamazisha watoto wetu bila sababu?

Sikilizeni jinsi nabii Zakaria alivyofundisha, zaidi ya miaka 500 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu. Wayahudi walikuwa wamerudi kutoka uhamisho wa Babeli, na Yeruzalemu ulikuwa bado na magofu mengi. Mungu akawaahidi amani kwa kinywa cha nabii huyo. Na ishara ya amani ile ilikuwa nini? Katika sura ya 8 nabii asema kwamba wazee, waume kwa wake, wataketi tena katika njia za mji, kila mmoja na fimbo yake mkononi kwa ajili ya uzee wake, na njia zile zitajaa wavulana na wasichana wakicheza. Hiyo ndiyo amani ya Mungu: mzee ameketi, mtoto acheza. Na fimbo, ndugu zangu, iko pale pale katika maneno ya nabii. Lakini ni fimbo ya mzee ya kuegemea, si ya kumpigia mtoto.

4. Nyumba ambamo baba alinyamazishwa

Mtakatifu Luka, katika sura ya kwanza, atusimulia habari za Zakaria mwingine, si yule nabii, bali kuhani, mume wa Elizabeti. Malaika alimletea habari ya kuzaliwa kwa mtoto, naye hakusadiki. Kwa hiyo akawa bubu. Bikira Maria alipofika nyumbani mle na kumsalimu Elizabeti, mtoto Yoane aliruka kwa furaha tumboni mwa mama yake. Yoane hakuwa amezaliwa bado, hakuwa na neno hata moja, lakini alikuwa amekwisha kumshangilia Mkombozi wake.

Basi katika nyumba ile mtoto ndiye aliyeshangilia, na baba ndiye aliyenyamaza. Zakaria alikaa miezi mingi akisikiliza tu, hata mtoto akazaliwa. Na siku ya nane, alipoandika jina la Yoane juu ya kibao, ulimi wake ulifunguliwa, na neno lake la kwanza likawa la kumsifu Mungu. Sisi akina baba, kabla ya kuwanyamazisha watoto, ingetufaa nasi kunyamaza kidogo kama Zakaria, tuisikilize kazi ambayo Mungu aifanya nyumbani mwetu.

5. Neno «Baba»

Katika njia ya ukatekumeni kuna siku ambapo Kanisa litawakabidhi sala ya Bwana, yaani Baba Yetu. Mtakatifu Paulo awafundisha Waroma, katika sura ya 8, kwamba hatukupokea roho ya utumwa ili tuishi katika hofu, bali roho ya kufanywa watoto, na kwa roho huyo twamlilia Mungu tukimwita Baba. Mtume hasemi kwamba twanong'ona. Asema kwamba twalia, kama mtoto amwitavyo baba yake kutoka upande wa pili wa uwanja.

Lakini mtoto hajifunzi neno «Baba» kwanza katika katekisimu. Kabla hajajua herufi, amekwisha kuusoma uso wa baba yake. Neno hilo likimletea hofu nyumbani, litamletea hofu hata kanisani, naye atajificha mbele ya Mungu kama Adamu alivyojificha kati ya miti ya bustani. Likimletea furaha, siku atakapoambiwa kwamba Mungu ni Baba, atalisadiki upesi.

6. Je, mtoto asifundishwe adabu?

Najua mtasema: Mwalimu, wazee walituambia, samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo, neno la wazee ni kweli. Lakini kumkunja si kumvunja. Akunjaye samaki hutumia mikono miwili na uangalifu; avunjaye hutumia nguvu tu. Mtume Paulo mwenyewe awaonya akina baba, katika barua yake kwa Wakolosai, wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa.

Basi, tupambanue. Matusi, uongo, kumcheka kilema, kumnyang'anya mdogo: hayo si kelele za furaha, nayo yakatazwe bila kuchelewa. Iko pia saa ya kunyamaza: saa ya sala, saa ya Misa, mgonjwa alalapo, msiba uwapo kwa jirani. Kimya hicho ni chema, na mtoto aweza kujifunza. Lakini hajifunzi kwa fimbo. Hujifunza kwa kumwona baba na mama wamepiga magoti jioni, wamefumba macho, bila haraka. Mtoto aliyeachwa acheke mchana, hunyamaza kwa amani jioni.

Na mtoto mchanga akilia kanisani, tusimtazame mama yake kwa macho makali hata akatoka nje na asirudi tena. Mwaka 2014, siku ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiwabatiza watoto wachanga huko Vatikano. Aliwaambia wazazi kwamba kwaya ingeimba, lakini kwaya iliyo nzuri kupita zote ni ya watoto wenyewe. Akawaambia akina mama kwamba mtoto akilia kwa njaa, wamnyonyeshe pale pale. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliifundisha dunia yote kuiona jamaa kama Kanisa la nyumbani. Ikiwa nyumba ni Kanisa, basi watoto ni waimbaji wake.

7. Mtoto asiyecheka

Sikio la mzazi Mkristu lisikilize pia jambo lingine: nani hapigi kelele? Katika nyumba nyingi mwetu yumo mtoto wa ndugu aliyekufa, ambaye tumempokea. Wengine wacheka, yeye atazama. Wengine waomba mboga tena, yeye asema ameshiba. Twamsifu kuwa mpole. Angalieni, ndugu zangu, labda si upole. Labda ajiona mgeni, naye aogopa kwamba akikosea kidogo atafukuzwa. Tena wako watu wanaomwona mtoto amekuwa kimya, au aota usiku na kulia, nao humwita mchawi. Hilo ni kosa kubwa mbele ya Mungu. Mtoto wa namna hii hahitaji mashtaka. Ahitaji kukumbatiwa, kama Bwana alivyowakumbatia wale wengine. Siku mtakapomsikia yatima akicheka kwa sauti nyumbani mwenu, bila kuwatazama kwanza, mshukuruni Mungu: siku hiyo amefika nyumbani.

Nanyi ambao Mungu hajawajalia mtoto, msidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Elizabeti alingoja hata uzee, wala hakuwa amelaaniwa. Injili yamwita mwenye haki mbele ya Mungu. Uwanja wenu na uwe wazi kwa watoto wa jirani. Huyo ampokeaye mtoto mmoja kwa jina la Yezu, ampokea Yezu mwenyewe.

8. Jinsi ilivyoendelea nyumbani mwangu

Kesho yake jioni niliketi chini, juu ya mkeka, nikamwambia binti yangu: «Mwalimu, leo uniulize mimi.» Hakutaka. Alimtazama mama yake. Mama yake akamwambia: «Mwulize, naye ajifunze.» Hapo aliniuliza lile swali la kwanza, kwa sauti ndogo, bila mwiko. Nikajibu kwamba Mungu ameniumba. Kisha nikaongeza: «Nawe pia Mungu amekuumba, nami nimekutisha. Unisamehe.» Mkewe jirani, aliyekuwa akipita, alishangaa kusikia mwanamume akimwomba mtoto msamaha. Mimi mwenyewe nilishangaa.

Msidhani kwamba yote yalibadilika siku ile. Sauti yangu bado hupanda upesi, nami hulipeleka kosa hilo kwenye kitubio. Masika yote ilipita kabla sijaona badiliko. Kisha siku moja kengele ya baisikeli ililia penye mwembe, na mdogo wao, wa miaka mitatu, akaja mbio njiani akipiga kelele. Wakubwa walibaki barazani. Walitazama kwanza mkono wangu. Nafikiri wataendelea kuutazama kwa muda. Ni haki yao. Kazi yangu ni kwamba wasikione kitu cha kuogopa.

9. Maazimio ya juma hili

Kwanza: Ukirudi kutoka shambani au kazini, usiingie na lawama. Salimu watoto kabla ya kuuliza kosa la siku.

Pili: Kila jioni wape watoto nafasi ya kuimba na kucheza mbele yako, kisha uwaite kwa sala. Mdogo kuliko wote aanzishe ishara ya msalaba.

Tatu: Ukitaka kuadhibu, ngoja kwanza usali Baba Yetu nzima, polepole.

Nne: Msikilize yule anayenyamaza.

10. Maswali ya kukumbusha

Swali: Yezu aliudhika na nani siku walipomletea watoto?
Jibu: Aliudhika na wanafunzi wake, kwa sababu waliwakemea watu waliowaleta.

Swali: Nabii Zakaria alionyesha ishara gani ya amani?
Jibu: Wazee wameketi katika njia za mji, na watoto wakicheza humo.

Swali: Heshima na hofu zatofautianaje?
Jibu: Mwenye heshima humkaribia baba yake, mwenye hofu hujificha.

Swali: Mtoto hujifunza wapi kwanza neno «Baba»?
Jibu: Nyumbani, kwa uso na mikono ya baba yake.

Ninyi wakatekumeni, siku ya Ubatizo wenu mtazaliwa upya, mtakuwa watoto wachanga wa Kanisa. Mtakosea maneno ya sala, mtasimama wakati wengine wamepiga magoti, mtauliza maswali mengi. Kanisa ni mama, litawavumilia. Nanyi mwavumilieni wadogo wenu vivyo hivyo.

Tusali: Ee Bwana Yezu, uliyewakumbatia watoto na kuwabariki, ingia katika nyumba zetu. Utuondolee mikono mikali na maneno ya kutisha. Uwarudishie furaha yatima na watoto wa vita. Utujalie masikio ya kuzisikia sifa zako katika vicheko vya wadogo hawa, hata siku tutakapokuja mbele ya Baba yako, tuje bila kujificha. Amina.